Narudi na Mkate

Fes, Jumatatu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Zeituni ulizotuma kutoka Meknes zimefika, na barua yako pia. Zeituni tumezila. Barua naijibu: mke wangu simwachi.

Unasema Ghita ana wazimu, leo mimi ni malaika wake, kesho shetani. Daktari anasema ni ugonjwa, una jina na una matibabu, na ndani yake mna hofu kubwa ya kuachwa. Sasa unataka nimtibu kwa talaka?

Jana alivunja glasi za chai, akaniambia, "Toka, usirudi." Nikabeba ubao wa mikate mibichi kwenda kuioka kwenye tanuri la mtaa. "Narudi ikiiva," nikamwambia.

Niliporudi alikuwa ameketi nyuma ya mlango, macho yamevimba.

"Umefuata nini?"

"Mkate wa moto nitakula na nani?"

Akasogea, nikapita.

Mwambie Shangazi Zhor aache kunitafutia mchumba. Wewe njoo ututembelee. Ghita akikufukuza, usiondoke. Keti naye unisubiri, nitakuwa nimekwenda tanurini.

Mwanao mkaidi,
Lahsen