Papa Paluku, tanuru iko baridi

Papa Paluku,

Mu Butembo muzima hakuna mutu wa bahati kama mimi Muhindo. Sijisifu, ninasema tu vile iko. Nilifika Kampala, nililala mu hoteli yenye mulango inafunguka yenyewe, na nilirudi na viatu yangu yote mbili. Mu barabara ya Kalunguta piki ilianguka na mimi mara tatu, sufuria ya kuuza ilitawanyika mu mihogo ya batu, lakini hata jino moja haikutoka. Na siku ile chungu ya kuyeyushia alimini ilipasuka mu atelie yetu ya sufuria, mimi, mufundi wako wa mukono ya kuume, mwenye anasimamaka kila siku hatua mbili karibu na moto, siku ile moja tu nilikuwa Beni, nimekaa mbele ya tilapia ya Kyavinyonge kubwa kama mulango, ninalamba vidole. Hiyo njo habari nilipatia batu ku matanga yako. Batu balitikisa vichwa. Balisema: "Muhindo, weye, Mungu anakupenda." Nilisema amina.

Sasa imepita miezi ine. Nikupe habari ya nyumbani.

Atelie ingali inasimama. Ile gurudumu ya baiskeli yenye tulikuwa tunazungusha ya kupuliza hewa ku makala imeshika kutu. Kuku ya bibi yako, Mama Kavira, inataga mayai mu sanduku yetu ya muchanga, mahali pale pale tulikuwa tunagandamiza sura ya sufuria. Sikuifukuza. Ni yeye tu anatumika kazi pale. Ku soko batu bananunua sufuria ya kutoka inje, nyepesi kama karatasi. Ugali ikiwa nguvu kidogo, inapinda. Mama moja wa ku soko alinishika shati, aliniambia: "Weye fundi ya midomo, njoo utuyeyushie kitu ya kweli!" Nilimujibu kama mimi sasa ni patron, sina wakati ya batu badogo. Alicheka. Mimi pia nilicheka. Kisha nilipita njia ingine, ili nisione mulango ya atelie.

Juu tanuru iko baridi, Papa. Na njo sababu ninakuandikia.

Unajua desturi yetu sisi batu ya kuyeyusha. Mwenye atelie akikufa, hapana kuwasha moto mpaka mwenye kubakia ayeyushe kitu ya marehemu, afanye nayo sufuria mupya, mujane apike ndani, bote bakule. Wewe mwenyewe ulimufanyia mwalimu yako vile. Bibi yako amechagua. Ni ile sufuria ya ndoa yenu, ya kwanza yenye ulimufanyia, yenye kitako imeliwa na moto. Alisema: "Muhindo, Siku ya Posho, jumamosi, utaiyeyusha, na mimi nitakupatia kijiko ya Paluku." Kile kijiko ya chuma, ya mukono murefu, yenye hata mimi nilikuwa siruhusiwi kuigusa kama haujakunywa chai.

Posho ya kwanza nilisema makala imelowa. Ya pili nilisema ninaumwa tumbo. Ya tatu nilisema kuko mutu ananingojea Beni. Nilipotaja Beni, ulimi yangu ilikauka.

Kesho ni Posho ya ine.

Jana nilipita kwake. Alikuwa ameosha ile sufuria na majivu mpaka inangaa, ameilaza ku jua juu ya ukuta. Alikuwa anageuza maharagi, mugongo yake kwangu, alisema tu hivi, bila kuniangalia: "Muhindo, imekauka?"

Papa, niliangusha kofia.

Hiyo swali inanifuata. Uko unajua muji yetu, mvua haina adabu. Kila mutu anauliza. Mama anauliza mutoto juu ya shati ya masomo. Mwenye kahawa anauliza mwenye kahawa. Padiri aliuliza mufanyakazi juu ya rangi ya benchi. Imekauka? Imekauka? Na kila mara ni sauti yako, ile sauti ya taratibu, yenye haitazame mutu, yenye inatazama tu moto.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Mimi nilikuja na kifua mbele, juu nilisoma mpaka troisième ya sekondari, mbele masomo na mimi tuachane. Nilikuuliza: "Papa, alimini inayeyuka ndani ya chungu ya chuma. Na chungu, mbona haiyeyuke?" Batu bote balicheka. Wewe haukucheka. Ulisema: "Kila kitu iko na degre yake ya kukubali. Risasi ni kama mulevi, unamupa kidogo tu anaanguka. Alimini ni bibi-arusi, anakawia, anakawia, kisha anakuja mara moja. Shaba ni chef ya kijiji, anataka umubembeleze. Chuma ni mama-mukwe. Utachoma makala yote ya Lubero, atakuangalia tu."

Mimi nilitaka kuonyesha kama nilisoma. Nilishika kaa, niliandika ku ukuta nambari zenye mwalimu alitufundisha: risasi 327, alimini 660, shaba 1085, chuma 1538. Nilizikumbuka zote ine, na mpaka leo sijui kama njo ujuzi yangu yote. Ulitazama nambari kwa muda murefu, kama mutu anatazama picha ya ndugu zake. Kisha ulichovya kijiti ya matete kavu mu chungu, ukaitoa nyeusi na safi, alimini haikushika hata kidogo. Ulisema: "Basi hii njo mia sita na makumi sita yako. Mimi nilikuwa ninamujua, nilikuwa tu sijui jina yake."

Hakuna mutu alinisifu hivyo, Papa. Kampala yote na mulango yake.

Na ulinifundisha sheria yenye haikuwa ku ukuta. Kila kipande, pistoni, jante ya gurudumu, sufuria ya zamani, kwanza inakaa ku mudomo ya tanuru, inaota moto. Unaigeuza. Unatema mate juu yake. Mate ikiruka na kupotea, njo unaingiza. Juu maji iko na degre mia moja tu, kidogo kuliko zote, mais ukiifungia chini ya alimini, inatoka na hasira ya muzimu yenye haikuzikwa. Wewe ulikuwa unauliza kila mara, hata ya mia, hata kama uliona na macho: "Imekauka?" Na mutu anapashwa kujibu na mudomo. Hapana kutikisa kichwa. Na mudomo.

Siku tatu ulilala ku lopitali. Mama Kavira alinielezea, mimi sikufika, nilisema mwili yangu haiwezi kuona bandeji. Alinielezea kama homa yako ilipanda makumi ine na moja. Papa, mimi nilisoma kidogo, mais hii ninajua: mutu kwa makumi tatu na saba anaweza kushika siri, kwa makumi ine na moja kila mutu anayeyuka. Anataja madeni, anataja babibi. Mama Kavira alisema ulikuwa unaongea, unaongea, unaita marehemu baba yako, unageuza mikono kama mutu mwenye anasawazisha muchanga. Na katikati ya ile moto yote baliuliza: "Muhindo iko wapi? Tumuite?" Na wewe ulifungua macho, ukasema: "Muhindo iko Beni. Mumuache. Iko Beni."

Mama Kavira alilia aliponielezea. Alisema: "Ona vile alikuwa anakupenda, hata mu kukufa hakutaka ukatishe biashara."

Degre yako ni ngapi, Papa? Kwa wewe hakuna nambari ku ukuta. Na ku ukuta ile, alimini iliruka na kuganda juu ya maandiko yangu. Ya risasi inaonekana, ya shaba inaonekana. Mahali ya mia sita na makumi sita kuko kipande ya alimini imeshikamana na tofali, mukubwa kama kiganja. Nilijaribu kuitoa na patasi. Haitoki.

Basi. Ulinipatia uwongo kama mutu anapatia mutoto yake koti. Niliivaa miezi ine. Ni koti muzuri, batu bananisalimia ndani yake. Mais siwezi kushika kijiko yako na ile koti, kesho, mbele ya bibi yako, na yeye aniulize juu ya sufuria ya ndoa yake kama imekauka, na mimi nifungue huu mudomo.

Ulale vizuri, Papa. Wasingya, asante, kwa mukate, kwa jina, kwa bega yako. Ninakuahidi hii: kesho asubui, mbele ya kugusa kaa hata moja, nitakaa chini mbele ya Mama Kavira. Akitaka kunifukuza, anifukuze. Kijiko itabakia yake, atamupa mutu mwenye anastahili. Akiniacha, nitaiotesha moto ile sufuria mpaka mate yangu iruke, na nitajibu yeye kila mara ataniuliza.

Nitamuambia hivi. Mama, ile siku mulinituma Beni asubui, munyororo ya piki ilikatika Kalunguta. Nilirudi mbele ya saa ine, niliingia na mulango ya nyuma, na Paluku alinicheka: "Beni imekuwa karibu hivi?" Kulikuwa karite ya piki, ile sanduku ya alimini ya injini, imefungwa pande zote, ililala inje mu mvua. Niliishika mu mukono. Alikuwa anauliza, na mimi nilikuwa katikati ya hadisi ya hoteli ya Kampala, sikutaka kuikatisha. Nilisema imekauka, Papa. Sikuigeuza. Sikutema mate. Niliiingiza, aliisikia ikilia, akanisukuma na bega inje ya mulango, na yeye alibakia. Nilisikia majirani banakuja, na nilikimbia. Nilingojea ku barabara mpaka jioni, nipate vumbi ya mutu mwenye anatoka Beni.

Mama, bahati sina. Beni sikufika.