Deraya ya Kwapani

Nyumbani, Mazuria
11 Juni

Kwako kaka yangu Ziemowit,

Salamu nyingi zikufikie huko Bergen. Natumaini mgongo umepoa na baridi ya huko haijakumaliza. Sisi hatujambo. Baba anakula vizuri, anagomba vizuri zaidi, na magoti yake yanatabiri mvua kuliko redio. Mimi mzima, ila nina jambo moyoni. Nitalifikia, usiniharakishe.

Uyoga umewahi mwaka huu. Matango ya chumvi bado yapo pipa zima kwa sababu mlaji hayupo, na Baba meno hayamruhusu. Kila nikifungua lile pipa nakuona umeinama, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, Mama akikufukuza kwa mwiko. Mungu amlaze pema. Nimemkumbuka sana mwezi huu kwa sababu nimeshika sindano yake tena.

Chama chetu kinakwenda kuigiza vita vya kale Julai, kama kila mwaka. Unazikumbuka zile pilikapilika? Dirii za bamba za chuma zimetandazwa uani, sebule nzima inanuka mafuta, Mama kapakata deraya, zile pete za chuma zilizosukwa, anashonea vipande kwenye koti la ndani, pale ambapo dirii haifiki: kwapani na kwenye kiwiko. Wewe umesimama mikono juu, umeshika boriti, unalalamika kwamba unakufa ganzi, naye anakuambia ufe kimyakimya asije akakosea. Hakushona kwapa hata siku moja bila mwenye koti kusimama hivyo. Alisema ukiishona mkono ukiwa chini, deraya itatulia kama pazia, lakini siku ya kuinua upanga itauzuia mkono usipande. Jamani, siku zile! Kazi yangu ilikuwa kupaka uzi nta ya nyuki, vidole vinanata mpaka jioni, na nilijiona mtu muhimu kuliko mfalme.

Sasa basi. Baba ameamua koti lako apewe Radosław, daktari wa meno aliyejiunga na chama mwaka juzi. Iliniuma. Ni jitu la watu, kaka, linajaza mlango, hivyo ilibidi nifumue vipande vyote nivishone upya. Jumapili baada ya kanisa akaja, akashika boriti, akaanza porojo zake: eti miaka kumi na tano anaamuru watu wakae tuli wasitikisike, leo Mungu kamlipa. Nikacheka sana. Baba naye, kikombe mkononi, akamwambia alivae kwa raha zake lakini asirithi tabia za mwenyewe, maana mwenyewe siku ya fainali ya mapigano ya upanga alikunja mkono kama bawa la kuku, akapigwa huku anatazama. Miaka kumi na moja, na bado anaisimulia! Radosław alicheka kwa adabu. Mimi sindano ikanizamia kidoleni, nikaangua kilio, wakadhani ni kidole.

Haikuwa kidole, kaka.

Mwaka ule koti lako nililishona mimi. Unajua Mama alikuwa amelazwa, akaniachia sindano, nikamwapia kwamba nitafanya kama yeye. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ijumaa ile ulikuwa kwa mhunzi, wenzangu wananiita ziwani, nikaona uvivu kukungoja. Nikalilaza koti mezani, mikono chini, nikashona kwapa la kulia haraka haraka, nikakimbilia kuogelea. Asubuhi ulipolivaa ulisema linabana kidogo. Nikakujibu litalegea ukipata jasho. Ukaniamini.

Kisha nikakuona uwanjani. Mkono ulifika usawa wa bega ukakwama. Ulivuta, ukavuta, na mimi nilijua palepale. Ulipoanguka, Baba akaja akakwambia, watu wote wanasikia, kwamba alidhani amezaa mwanamume kumbe amezaa mwoga. Ukasema mkono ulikataa. Akakuuliza tangu lini mkono ukawa na akili zake. Na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, nimeshika maji yako ya kunywa.

Jioni ileile nikafumua ule uzi, nikashona upya sawasawa. Kesho yake Baba alilikagua koti, akalipindua nje ndani, hakuona kosa. Hapo ndipo nilipokumaliza. Mwezi uliofuata tukamzika Mama, ukapanda meli, na mimi nimekula na Baba meza moja miaka yote hii nikimsikia anakutukana.

Radosław alipoondoka nilimwambia Baba yote. Nilitegemea atapasua meza. Aliuliza mara mbili kama nina hakika, akatoka uani, akasimama akitazama barabara hadi nikaingiwa na hofu. Jana akaniita nishike kalamu. Anasema alikuita mwoga mbele ya watu, kwa hiyo hatakuomba radhi kwenye karatasi. Tarehe kumi na tatu Julai, kabla ya pigano la kwanza, atasimama katikati ya uwanja, avue kofia, aseme kwa mdomo wake kwamba alimdhulumu mwanawe. Nami nitasimama pale pale nitaje langu. Nikamuuliza, na usipokuja? Akasema atasema tu hata kama hupo. Halafu akaniambia niandike kwamba anaomba uwepo.

Wasalimie wenzako wote wa bandarini, na jirani yule anayekupikia samaki. Huku wanaokuulizia ni wengi kuliko unavyodhani.

Nisamehe ukiweza, kaka. Na kama huwezi, njoo hivyohivyo na hasira zako. Mimi usiniangalie, msikilize yeye tu.

Ni mimi mdogo wako,
Bogna