Mtu wa Pili Kwenye Filigrani

Jumatatu, 4 Agosti

Diploma za ushonaji bado. Arobaini, za wasichana waliomaliza mafunzo kule Gitambi. Mapambo ya pembeni tayari, majina nayangoja. Umeme umekatika mara mbili asubuhi. Mashine yangu ikizimika, kuamka kwake ni muda wa kunywa chai nzima. Programu ya kupangia kurasa ni ya zamani mno, hata jirani zangu wa duka la picha wananicheka. Wacheke. Naijua kama jiko langu.

Mchana amekuja mama mmoja kutoka Nkanka, Maman Furaha. Mjane. Bwana wake, Anastazi, alikuwa mwashi, alikufa mwaka jana kwa ugonjwa wa ini. Anataka kitabu cha misa ya mwaka mmoja, kurasa nane. Sura ya bwana wake ikae nyuma ya nyimbo kwenye kila ukurasa, hafifu, samawati. Filigrani. Nimemwambia inawezekana.

Picha aliyoleta ni moja tu. Anastazi ameketi kwenye kiti cha mbao, chumbani, dirisha upande mmoja. Nyuma yake giza tupu. Uso mzuri, mpole. Ilipigwa Bukavu, ng'ambo ya mto, alikokuwa amepanga chumba wakati wa kazi.

Mama yangu hakula vizuri. Uji tu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeskani picha. Programu hii haijui kufifisha picha ya rangi. Lazima uigeuze nyeusi na nyeupe kwanza, uiweke kwenye ukurasa mama, ule unaojirudia nyuma ya kurasa zote, chini ya kila kitu, kisha uipake rangi moja na kuipunguza mpaka asilimia kumi na tano. Na masanduku ya maandishi yaachwe bila rangi, ama sivyo yataifunika. Nimefanya hivyo mara mia. Kwa harusi, kwa ubatizo, kwa vilio.

Picha ilikuwa nzito mno, nikaongeza mwanga. Giza la nyuma likaanza kufunguka. Hilo ni kawaida, giza la picha huwa na vitu ndani yake: kabati, nguo zilizotundikwa.

Hili lilikuwa na mtu.

Amesimama kati ya dirisha na pembe ya ukuta. Mwanamke. Kitambaa kichwani. Uso hauonekani, ameugeuzia dirishani. Nimechukua picha yenyewe, nikaitazama mlangoni kwenye jua, kwa kioo cha kukuzia. Giza tu.

Nimechapa karatasi moja ya kuonyesha. Sikupenda kuishika.

Jumatano, 6 Agosti

Maman Furaha amekuja kuona. Alianza kutabasamu alipomwona bwana wake. Kisha akaiweka karatasi mezani. Nikamwuliza ni nani yule aliye nyuma, ndugu yao?

“Maman Hadija, hapo hapakuwaka muntu,” akasema. “Ni mimi nilipigaka ile foto. Tulikuwa babili tu mu nyumba, mimi na yeye. Na mulango nilikuwa nimefunga.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa ushahidi. Ameniomba nimtoe yule mtu, kisha akaondoka haraka bila kuaga vizuri.

Kumtoa ni kazi rahisi. Napunguza mwanga, giza linarudi, basi. Nimekaa mbele ya mashine saa nzima sijapunguza.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimejaribu rangi nyingine. Nilijiambia ni kwa ajili ya kazi. Uongo. Nilitaka kumwona.

Kijani: karibu hakuna kitu. Zambarau: kitambaa cha kichwa na bega. Rangi ya udongo, asilimia thelathini: mwili mzima. Mkono wa kushoto umepita nyuma ya mgongo na kushika kiwiko cha kulia.

Nikainuka. Nikafunga duka saa nane mchana.

Namjua mtu mmoja tu aliyekuwa anasimama hivyo. Dada yangu Salma.

Ni miaka kumi na tisa sasa. Alimfuata mwanamume Mkristo, mpiga gitaa, akavuka naye kwenda Bukavu. Baba aliapa kwamba Salma hatakanyaga tena mlango wake, akaapa mbele yetu sote, mkono juu ya msahafu. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nikaendelea kugawa vikombe. Baadaye tulimtafuta Bukavu, wakatuambia wameenda Kindu. Basi. Kindu ni mbali, na Baba hakutaka jina lake litajwe.

Ninaandika haya nione kama ni ya kichaa. Wanawake wangapi husimama hivyo? Wengi.

Jumamosi, 9 Agosti

Majina ya diploma yamefika. Nimefungua faili lake, ambalo halina uhusiano wowote na kitabu cha misa. Ukurasa mama wake nimeutazama mwenyewe: mapambo, mhuri, hakuna picha.

Nimechapa. Ya kwanza mpaka ya kumi na sita, safi. Ya kumi na saba ikatoka naye.

Samawati, hafifu, katikati ya karatasi, nyuma ya jina la msichana. Anastazi hayupo, kiti hakipo, dirisha halipo. Yeye tu. Na hatazami pembeni tena. Uso umeanza kugeuka huku, nusu shavu.

Nimezima printa. Nimechomoa nyaya zote. Nimewasha tena, nimechapa zilizobaki. Safi zote, na ile ya kumi na saba nikairudia, ikatoka safi.

Nimeogopa. Siandiki zaidi ya hapo.

Ile iliyoharibika sikuitupa. Nimeikunja mara mbili nikaitia mkobani.

Jumapili, 10 Agosti

Sikufungua duka. Nilikuwa nafua uani. Mama alikuwa ndani, anatafuta sindano mkobani mwangu, sijui kwa nini humo. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili. Mtu akisimama mlangoni humtambua kwa sauti tu.

Nikamsikia ananiita, taratibu. Nikaingia. Ile karatasi alikuwa ameifungua juu ya mapaja, anaipapasa kwa kiganja.

“Dija,” akasema. “Mbona Salma amekonda hivi?”

Akauliza nani ameileta. Nikasema nimeiona kazini. Akaniuliza kama nimemwambia arudi.

Baba alikufa miaka kumi na minne iliyopita, lakini Mama hajawahi kumwombea Salma pamoja na wafu. Kila baada ya sala humtaja katikati yetu, kati yangu na kaka zangu, kana kwamba yuko chumba cha pili.

Nimempigia simu Maman Furaha. Nimemwomba anipeleke kwenye ile nyumba picha ilipopigwa. Nilidhani atakataa. Amesema kesho hapana, kesho ni siku ya shamba. Keshokutwa.

Jumanne, 12 Agosti

Tumevuka mto Ruzizi kwenda Bukavu asubuhi, mimi na yeye, kwa miguu. Foleni ndefu ya mpakani, wanawake wa nyanya na wa sambaza, dagaa wa ziwani. Darajani aliniambia, bila kunitazama, kwamba bwana wake alipokuwa amepanga kile chumba alikuwa anamwambia analala vizuri mno humo. Kama mtoto mwenye mlezi. Alidhani ni mzaha.

Nyumba iko mlimani, ngazi za udongo. Mwenye nyumba ni bibi mmoja, Maman Nabintu. Ametukaribisha, akamkumbuka Anastazi, akalia kidogo. Kisha nikamwuliza mimi: kabla ya Anastazi, chumba kile alikaa nani?

Akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga.

“Weye ni wa kwao,” akasema.

Nimekaa chini bila kuambiwa.

Nayaandika kama alivyosema, nisije nikayageuza. Salma alirudi kutoka Kindu peke yake, mwanamume amemwacha. Alipanga hapo. Alishona nguo za watoto. Miaka minne. Kisha kifua, na kifua hakikupona. Alikufa kwenye chumba kile, miaka kumi na miwili iliyopita. Watu wa msikiti walikuja kumwosha na kumzika.

“Kila mangaribi alikuwa anasimamaka pa dirisha, anaangalia ng'ambo,” akasema Maman Nabintu. “Nikamwuliza, kwenu ni wapi? Akanionyesha na kidole: ni pale, kwenye ule munara. Nikamwambia, sasa si ni karibu, rudia kwenu. Akasema baba yake aliapa. Akasema ataenda siku mzee atakapomwita.”

Nimehesabu. Baba alikuwa amekwisha kufa miaka miwili kabla yake. Miaka miwili Salma aliungojea mwito wa mtu aliye kaburini. Hakuna aliyevuka kumwambia. Ni mwendo wa asubuhi moja. Sisi tulikuwa tunaagiza habari kutoka Kindu.

Nimeingia chumbani. Kimepakwa chokaa upya, anakaa mwanafunzi sasa, vitabu sakafuni. Nimesimama pale penye pembe. Kamembe yetu yote inaonekana ng'ambo. Msikiti. Paa letu lenyewe naweza kulionyesha, la pili kutoka kwenye tangi.

Pembe ile ina baridi. Huenda ni kivuli, upande ule haupati jua. Maman Furaha hakuingia. Alibaki mlangoni, ameshika rozari.

Kaburini tumepelekwa na Maman Nabintu mwenyewe, na fimbo yake. Kituta cha mawe, hakina jina. Analijua kwa sababu alipanda ua pembeni yake. Nimesoma Fatiha.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemwambia Mama. Sikuficha kitu isipokuwa ile miaka miwili. Aliniuliza alifia kitandani au chini. Nikasema kitandani. Akauliza kama palikuwa na mtu. Nikasema alikuwepo bibi mmoja, alimshika mkono. Hilo ni kweli, niliuliza.

Hakulia. Aliomba maji ya udhu.

Mimi ndiye niliyelia, jikoni, na kitunguu mkononi kama wanawake wa vichekesho.

Ijumaa, 15 Agosti

Maman Furaha amekuja dukani na jamaa zake wawili waliobaki nje. Nilikuwa na swali la kumwuliza na nilikuwa nalihofia. Kitabu cha misa: nimtoe yule mtu wa pili, ama?

Alikuwa amevaa kitenge cha kilio, kimepauka kwa kufuliwa.

“Umuache,” akasema. “Alikaaka na bwana yangu miaka yote ile na hakumufanyia mubaya. Tutabasomea misa wote babili.”

Nikamwambia dada yangu ni Mwislamu. Akasema sala Mungu atajichagulia mwenyewe. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Basi nimefungua faili. Sijalibadilisha tangu wiki iliyopita, tarehe yake ni ileile. Mwanga uleule, samawati ileile, kumi na tano kwa mia. Nimechapa ukurasa wa kwanza.

Anastazi kwenye kiti chake. Dirisha. Ukuta.

Pembe tupu.

Nimechapa tena. Nimejaribu zambarau. Nimejaribu rangi ya udongo kwa thelathini, kwa arobaini, mpaka chembechembe za wino zikaonekana. Ukuta. Kuna ufa mdogo sikuwa nimeuona mwanzo, unashuka kutoka darini. Hakuna mtu.

Nilikwenda kwenye mkoba. Ile diploma ya kumi na saba nayo iko safi, jina la msichana limesimama peke yake kwenye karatasi nyeupe, mikunjo miwili. Nimeigeuza. Nimeiinua kwenye jua. Safi.

Maman Furaha alitazama ukurasa, akanitazama mimi.

“Ameenda,” akasema.

Nimechapa vitabu vyake vyote mpaka alasiri. Tumevikunja pamoja, tukavipiga pini. Mikono yangu ilikuwa imetulia. Niliona vibaya kutulia hivyo.

Jumatatu, 18 Agosti

Diploma zimechukuliwa. Mwalimu wao amesifu rangi.

Bado napita mbele ya mashine kwa uangalifu, kama anayepita mbele ya mtu anayesali. Nikififisha picha, nafumba macho kidogo kabla ya kutazama. Leo ilikuwa kadi ya harusi ya watu wa Butare. Bwana na bibi, maua. Hakuna zaidi.

Kumkosa ni kubaya kuliko kumwogopa. Sikutegemea.

Jumapili, 24 Agosti

Hitma ya Salma imesomwa nyumbani baada ya adhuhuri. Kaka zangu wote wawili walikuwepo. Mkubwa hakumtazama mtu machoni. Wanawake walijaa mpaka uani. Maman Furaha alikuja kutoka Nkanka na kapu la ndizi, akaketi karibu na mlango, akafuata mikono ya wenzake, wakiinua akainua.

Mama alikula sahani nzima ya wali, akaomba nyongeza. Kisha akaanza kuwasimulia wageni jinsi Salma alivyozaliwa siku ya mvua ya mawe, mkunga akiwa na sufuria kichwani. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Watu walicheka, naye akacheka.

Amesema anataka kupelekwa kaburini. Nimemwambia kuna ngazi nyingi za udongo. Amesema atabebwa, yeye si mzito. Kaka mdogo amesema atambeba.

Sasa amelala, kanga imemfunika miguu. Wageni wameondoka. Vikombe ni vingi, vingine ni vya majirani. Nimeviosha vyote, nimevipanga uani vikauke, vya kwetu upande huu, vya watu upande ule.