Nimeenda hospitali na mama yako

Baba Happy,

Maharage yako jikoni, ndizi nimeshamenya. Ndama usimfungulie, ana kikohozi.

Nimeenda hospitali Biharamulo na mama yako. Usishtuke. Asubuhi nilipoinua ndoo ya maji, mkojo ulinitoka mbele yake. Hunitokea hivyo tangu nimzae Happy, ndiyo maana niliacha kwaya. Si uvivu kama unavyonitania. Nilidhani mama atanisema. Yeye alivua kitenge chake akanifunga kiunoni, akaniambia, "Mwanangu, mimi kizazi kinashuka tangu nimzae mumeo. Sijawahi kumwambia mtu." Tukalia sote wawili.

Nesi wa kliniki alishatueleza sisi tuliojifungua kwamba misuli inayoshikilia kibofu na kizazi hulegea kwa kuzaa, na inatibika kwa mazoezi au upasuaji. Nilikuwa naona aibu kwenda peke yangu. Kumbe na mama vilevile.

~~Akirudi jifanye hujui.~~ Amekubali ujue. Mpe pole tu, usimuulize mengi.

Akishuka kwenye pikipiki mshike mkono, umwingize ndani polepole. Miaka yote hii amekulimia huku anaumia.

Mama Happy