Mrundi Aliyekula Sahani Mbili

Mama Shija wangu,

Mzima mimi, ila jua la Kahama linanikausha kama sangara wa mnadani. Leo nimeshinda hapa Nyahanga kwenye mashine za kukoboa mpunga. Mrundi mmoja alikuja kununua mchele, na lori lake lilitakiwa kuondoka leo leo limejaa. Hajati, mwenye mashine kubwa, akampa pilau. Akaimaliza, akavuka barabara kwenye kimashine cha Mabula, akala na ugali kwa dagaa.

Nikamuuliza, "Wewe, kwenu chakula kimeisha?"

Akacheka. "Mzee, nchi yetu ndogo, imebanwa na ninyi wakubwa. Nikila kwa mmoja tu, huyo ndiye atanipangia bei."

Mimi niliyezoea kulalamikia wazungu wa mgodi, leo naitwa mkubwa!

Basi saa nane Hajati akapandisha bei, akidhani mgeni hana pa kwenda. Mrundi akamshukuru kwa pilau, akahamishia lori kwa Mabula, wakapakia karibu lote. Hajati akavuka mwenyewe, mbio mbio, na bei ya asubuhi. Jamaa hakumcheka. Akachukua na kwake magunia machache, akasema, "Ili mwezi ujao tusalimiane, Hajati."

Hajati akamwita mwizi huku anacheka, akamfungia pilau ya njiani.

Nimekukumbuka, mke wangu, ulale salama na wajukuu. Na ukisikia nimepita kula kwa dada yako Geita, usinune. Hayo ni mambo ya nchi za nje.

Mumeo, Baba Shija