Uso wa Mlinzi wa Sita

Jumatano, Masasi. Baridi ya asubuhi haijaondoka mpaka sasa, saa kumi na moja jioni. Upepo na vumbi. Nimefunga madirisha na bado meza ina vumbi.

Msemaji wa kampuni ya midoli, mtu mwenye sauti ya redio, ametangaza leo saa nne asubuhi kwamba Mlinzi wa Sita atauzwa pamoja na kadi ndogo ya maelezo. Kadi itasema kwamba uso wa mdoli huyo ni wa mchezaji halisi wa ngoma ya vinyago. Itataja jina lake na kijiji chake. Chanzo cha habari hiyo, amesema, ni mwandishi mkongwe wa Masasi.

Mwandishi huyo ni mimi.

Ukurasa wangu huu wa mtandaoni nimeufunga leo kwa wengine. Mnaoweza kuusoma mko wanne, na wote tuliwahi kukaa chumba kimoja cha habari. Mchezaji anayetajwa ni mdogo wangu, tumbo moja. Jina lake sitaliandika hapa. Nimeshalitumia vya kutosha.

Niyapange mambo kwa mfuatano, labda yatanielea.

Walinzi wa Bonde walikuwa midoli sita ya mti iliyochongwa hapa Masasi tulipokuwa wadogo. Kila mmoja aliuzwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, yenye hadithi yao. Walinzi watano walikuwa na majina na silaha. Wa sita alikuwa amevaa lipiko, kinyago cha kichwa kizima kama kile cha ngomani, naye hakuwa na jina. Alikuja pale watano waliposhindwa. Karatasi ilisema hakuna aliyemuuliza yeye ni nani, maana angeulizwa angeondoka.

Nikiwa na miaka tisa nilimpasua kwa kisu cha jikoni nione ndani ya kinyago kuna nini.

Kulikuwa na mti tu.

Karakana ile ilikufa zamani. Mwaka huu kampuni moja ya Dar es Salaam imeifufua midoli hiyo kwa plastiki, kwa maumbo mapya na hadithi mpya. Mlinzi wa Sita sasa ana jina, ana baba aliyeuawa, ana kisasi. Na kinyago chake kinavuliwa. Unabonyeza shingoni, kinatoka, chini yake kuna uso wa mtu.

Tuna grupu la simuni la watu tuliokua na midoli ile. Kwa wiki tatu halikuwa na mazungumzo mengine. Baba Zuhura, mnunuzi wa korosho wa Tandahimba, aliandika, "Huyu wa sita zamani hata mdomo hakuwa nao. Leo kapewa mdomo, kapewa baba, kapewa na kisasi. Bado shemeji." Mwalimu Neema, aliyewahi kufundisha Newala na sasa yuko Mwanza, alimjibu kwamba mhusika asiye na chanzo ni uvivu wa mtunzi. Baba Zuhura akasema, "Mwalimu, sahihisha madaftari, haya mambo ya vinyago tuachie wenyewe." Mwenye duka mmoja wa hapa mjini, aliyepewa sampuli, akaleta sauti ya watoto wake: wanafungua, wanafunga, tak, tak, wanacheka. "Hadithi hawaitaki," alisema. "Wanataka kuvua."

Nilikuwa nasoma bila kuandika. Ni tabia ya kazi.

Jumamosi mjadala ukageuka. Mtu alidai uso ule umeibwa kwa mcheza mpira fulani. Mwingine akasema umeibwa kwa mdoli wa nje. Mpaka jioni wote walikuwa wamekubaliana kwamba Fundi ni mwizi. Fundi ni mzee wa Newala, wa mwisho kati ya waliochonga midoli ile ya mti. Kampuni ilimlipa achonge mfano wa uso kwa mti, wao wautengeneze kwa plastiki. Mikono yake naijua tangu nikiwa mdogo. Haikuwahi kuiga kitu.

Na uso ule niliujua, ni wa mdogo wangu. Niliikuza picha ya mdoli iliyowekwa kwenye grupu. Nyusi ya kushoto ina mkato, alipoangukiwa na tawi la mkorosho tulipokuwa watoto. Sikio la kulia limelala. Nililinganisha na picha ya harusi yake. Sikuridhika, nikampigia Fundi nikamuuliza ni nani aliyekaa mbele yake alipokuwa akichonga. Alisema, "Si yuko hapa kila siku, ndugu yako." Hakuniuliza nataka kujua kwa nini. Na mimi sikumwambia.

Jumapili saa mbili asubuhi niliandika kwenye grupu. Sentensi mbili. Kwamba Fundi hakuiba; uso ni wa mtu fulani wa Mkunya, nikataja jina. Na kwamba ndiye anayecheza lipiko kijijini kwao, ndiyo maana Fundi alimchagua.

Jina, mahali, sababu. Niliisoma mara mbili kabla ya kutuma, nikaona imekaa vizuri. Nakiri hilo. Niliona fahari.

Msiotoka huku mnapaswa kujua kosa liko wapi. Mwanamke hajui kwamba ndani ya lipiko kuna mtu, wala mtoto ambaye hajatoka jandoni hajui. Lipiko si mtu. Limetoka porini, limetoka makaburini, kila kijiji kina maneno yake. Likija uwanjani, wanawake tunakimbia na kupiga kelele. Kila mwanamke mtu mzima anajua, bila shaka. Mke anaijua miguu ya mumewe. Kinachokatazwa hapa ni kusema, na mimi nilisema. Tena kwa maandishi, mbele ya watu wa mikoa yote, na mimi ni dada yake.

Mchana huo huo maneno yangu yalikuwa yameshafika Mkunya. Jumatatu alfajiri mdogo wangu alinipigia.

Ana kigugumizi tangu utotoni. Kwenye simu ni kibaya zaidi, kwa hiyo huwa hapigi. Shuleni walimwiga mpaka akaacha shule. Mnadani mkewe ndiye anayesema bei. Ndani ya lipiko hasemi neno na hakuna anayemngojea aseme. Vijiji vitatu vinakuja kumtazama. Hicho ndicho alichonacho.

Alisema, "Dada, u-umenivua." Nilisubiri amalizie. Alikuwa amemaliza.

Jana nilikwenda. Wifi yangu alinipokea uani, akanipa kiti na maji ya kunywa. Nilianza kueleza, yeye akaendelea kuchambua kisamvu.

"Wifi," alisema, "mimi sijui kitu. Na wewe hujui kitu."

Nilimwambia kwamba tayari nimeandika.

"Miaka kumi na tisa nafua nguo zenye vumbi la uwanjani, na sijui zinatoka wapi. Wewe umekaa mjini na kalamu, hata wiki moja umeshindwa?"

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda kisimani.

Mdogo wangu alikuwa shambani anapulizia salfa. Alikuwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni. Aliniona. Aliendelea na mkorosho uliofuata, na uliofuata. Nilisimama mpaka dawa ikaisha kwenye mashine. Akaijaza tena.

Wenzake wa ngoma wamemwambia alirudishe lipiko. Vijana wanatoka jandoni Jumamosi hii na yeye ndiye aliyekuwa acheze. Hakuwabishia. Wifi anasema tangu Jumatatu hajamwambia mtu yeyote neno, hata yeye.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Fundi. Ndiye msemaji wa ngoma ya kina mdogo wangu, mbali na kuchonga. Nilimkuta anapiga msasa mguu wa kigoda. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha gogo nikae.

"Umenitetea, Mama Asha. Nashukuru," alisema. "Umenitetea kwa kumuuza mwenzangu."

Nilimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeuchonga uso ule.

"Nilichonga uso. Sikuchonga jina. Ungekaa pale miaka mia, ungekuwa uso tu."

Nilimuuliza kinachotakiwa. Alikuwa na jibu tayari. Wazee walikwisha kukaa. Niandike palepale nilipoandika kwamba nilikosea. Kwamba sijui uso ni wa nani. Basi. Hakuna faini, hakuna kuku. Nikiandika hivyo, lipiko linaweza kutoka Jumamosi.

"Lakini ni kweli," nilisema.

"Nani kakuuliza kama ni kweli?"

Nikamwambia kwamba nikifuta maneno yangu, watarudi kumwita mwizi. Aliupuliza unga wa mti, akaugeuza mguu wa kigoda.

"Wataniita. Patasi haitasikia."

Nilirudi Masasi na basi la jioni bila kumjibu.

Nyinyi wanne mnajua kwa nini. Niliondoka gazetini kwa kukataa kuandika "tunaomba radhi" juu ya habari iliyokuwa sahihi. Miezi minane sikuwa na mshahara, nikauza cherehani ya mama. Nimeishi tangu hapo nikijiambia kwamba nina kitu kimoja ambacho hakuna aliyekigusa. Jana ndani ya basi nilijaribu kuitunga sentensi kichwani, "nilikosea," na mwili ulikataa. Mama aliyekaa jirani alidhani ni basi linanisumbua, akanipa limau.

Ndipo leo tangazo la kadi likatoka.

Nilimpigia msemaji wa kampuni. Alifurahi kunisikia. Alisema mjadala wa mashabiki ni mwitikio mzuri sana na kwamba "uhalisia unauza." Aliuliza kama mdogo wangu angependa kuja kwenye uzinduzi, apande jukwaani, avue kinyago mbele ya watoto. Nilimwambia hapana. Nilimwambia aondoe kadi. Akasema kwa upole kwamba habari ilikuwa hadharani na haijakanushwa. Chanzo kikikanusha kwa maandishi, hilo litakuwa jambo jingine.

Ni sahihi. Ndivyo ambavyo na mimi ningemjibu mtu.

Nilikaa na simu mkononi tangu saa tano mpaka saa nane. Sikula. Nilijaribu njia zote za waandishi. "Huenda." "Inasadikika." "Baadhi ya watu wanaona." Niliandika kwamba sikupaswa kutaja jina, nikafuta, kwa sababu kusema hukupaswa kutaja ni kutaja mara ya pili. Hakuna sentensi ya kweli inayomrudishia kinyago. Nimezitafuta. Hakuna.

Saa nane na robo nilituma hii, kwenye grupu na kwa kampuni:

"Habari niliyoandika Jumapili kuhusu uso wa Mlinzi wa Sita haikuwa sahihi. Sijui uso ule ni wa nani. Sijui lolote kuhusu ngoma ya Mkunya. Naomba iondolewe popote ilipotumika."

Majibu hayakuchelewa. Baba Zuhura: "Kumbe na waandishi wanaokota habari barabarani kama sisi." Mwenye duka: "Basi tumerudi palepale, fundi kaiba uso wa watu." Mwalimu Neema aliniandikia pembeni, faraghani. "Pole dada yangu. Ni umri, hata mimi nasahau."

Hilo la mwisho lilinitoa machozi. Naliandika kwa sababu lilitokea.

Kisha wakaendelea. Wanabishana sasa kama rangi ya ngao ya Mlinzi wa Pili ilikuwa nyekundu au ya kutu. Wamefika mbali kabisa nami.

Kampuni imejibu, "Tumepokea." Nilipopiga, msemaji alisema uamuzi ni wa bosi wake, na kadi zinaingia mtamboni Ijumaa saa sita mchana. Hakuahidi. Sauti ya redio ilikuwa imepungua kidogo.

Saa kumi nilimpigia Fundi. Alikuwa amekwisha kusomewa ujumbe wangu.

"Nimeshakuwa mwizi tena," alisema. "Vizuri."

Nilimuuliza kama mdogo wangu amelichukua lipiko. Nilimuuliza kama atakubali kulivaa hata wakimpa, maana mtu aliyenyamaza namna ile anaweza asirudi. Nilisema maneno mengi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mama Asha," alisema, "hayo unaniuliza kama nani?"

Akaniaga vizuri, akakata.

Sijui kama nimemwokoa mdogo wangu au nimepoteza vyote viwili, yeye na neno langu. Miaka thelathini nimeishi kwa kuuliza, na hili ndilo jambo pekee ninalotaka kulijua, na sina mtu wa kumuuliza. Wifi hatajibu. Mdogo wangu mwenyewe hapokei simu.

Ngoma inaanza Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Nitapanda basi la asubuhi. Nitasimama upande wa wanawake, karibu na wifi, na lipiko likitoka nitakimbia.