Mtani Aliyezikwa Bila Kuchekwa

Mikumi,
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Tabitha,

Marahaba, mama. Naanza kwa kuitikia shikamoo yako, maana haifai salamu ya mtu ikae mezani siku zote hizi bila kuitikiwa. U hali gani? Mguu uliokatwa na jembe umefunga? Na vitunguu, mnapata maji mferejini, au wale wa juu bado wanawazibia? Nimesikia kipindupindu hakikufika Malolo, nami nimemshukuru Mungu kwa hilo.

Mimi nipo. Miguu imevimba mpaka viatu nimevigawa. Nikilala chali pumzi hunikimbia, kwa hiyo nalala nimeketi, kama abiria anayengoja gari. Mganga wa zahanati alinipima, akakunja mpira wake wa kusikilizia moyo taratibu, akasema, "Mwalimu, moyo umechoka." Nimeshika chaki maisha yangu yote, na mtu anayechagua maneno namtambua. Basi nimeelewa.

Katika barua yako umesema mahali pangu pamekwisha kusafishwa, kando ya kaburi la mama, na kwamba shemeji yuko tayari kuja kunichukua nifie nyumbani, mradi ile kamba ya karantini barabarani itolewe. Nilikujibu kwamba mgambo bado wamefunga njia. Tabitha, nilikudanganya. Kamba ilitolewa kitambo. Mabasi ya Iringa yanapita hapa mchana kutwa, na barua hii yenyewe inakuja kwa mkono wa utingo wa basi mojawapo. Aliyefunga njia ni mimi. Acha nikueleze sababu kabla kalamu haijawa nzito kuliko mkono.

Katika barua zangu nimekutajia jirani yangu Maganga, ingawa hukupata kumwona. Baba yake alitoka Tabora kuja kufanya kazi ya reli, na yeye mwenyewe alikata mkonge kule Kilosa mpaka mgongo ukapinda. Serikali ilipotukusanya katika kijiji hiki cha ujamaa, kiwanja chake kilipimwa ubavuni mwa changu. Kati yetu tukapanda ua wa minyaa. Siku ya kwanza alisimama akitazama mizigo yangu ikishushwa kwenye lori, kisha akapaza sauti watu wote wasikie:

"Watani zangu hawa! Wenzao wanahama na mbuzi, huyu amehama na makaratasi. Mke wangu, usihangaike tena na kuni za kuwashia."

Nikamjibu, "Ficheni maboga! Babu yake huyu alipita milimani kwetu na mizigo ya Waarabu, na kila alipolala, asubuhi shamba lilikuwa tupu."

Tukacheka, tukawa ndugu. Unajua utani wetu na Wanyamwezi ulivyo. Tangu mke wangu atangulie, na kwa kuwa Mungu hakutujalia mtoto, sikuwa na mtu mwingine wa kunitukana kwa mapenzi. Kila jioni tulicheza bao. Aliiba kete waziwazi, na nikimkamata alisema anazilinda zisiibwe na watu wa milimani.

Siku moja, kete zikiwa mkononi, aliniuliza, "Mwalimu, nikifa utasema nini juu yangu?"

"Nitasema, 'Huyu ndiye mwizi wa kete. Mfunueni kiganja, mtazikuta humo.'"

Alicheka mpaka akakohoa. "Hayo hayo. Usibadilishe hata neno. Na ushuke kaburini, usitoke mpaka wakupe jogoo."

"Akiwa mdogo?"

"Mkatae! Mimi si mtu wa kuzikiwa kifaranga."

Kisha ugonjwa ukaja. Ulianzia Ruhembe, kwenye miwa, ukapanda na watu waliokwenda misibani. Mimi na Maganga tulikwenda kumzika mwanafunzi wangu wa zamani. Tukanawa katika bakuli moja lililozungushwa kwa wafiwa wote, tukala sinia moja, kama ilivyo desturi. Tuliporudi, balozi wa nyumba kumi alitungoja njiani, akasimama mbali kidogo, akasema kwa aibu, "Wazee wangu, mliokula kule Ruhembe mnatakiwa kukaa majumbani mwenu. Ni amri ya bwana afya." Haukupita muda, mgonjwa akapatikana hapa hapa kijijini, kisha mwingine, na kijiji kizima kikaambiwa kisitoke nje ya nyua zake. Soko likafungwa, kanisa likafungwa, barabarani ikavutwa kamba. Zamani tulikaa mmoja kilima hiki na mwenzake kilima kile, na ugonjwa ulikuwa na kazi ya kututafuta. Hapa nyumba zimepangwa mstari. Ukishaingia ya kwanza, ya pili iko palepale.

Utaniuliza nilikaaje. Nilichemsha maji mpaka sufuria ikawa nyeusi ndani na nje. Nilisoma zaburi kwa sauti ili nisikie mtu akizungumza. Nilishona kifungo cha koti, nikaona kimekaa upande, nikakikata, nikakishona tena, na kesho yake nikakikata tena bila sababu. Mke wa balozi aliniachia unga kwenye jiwe la njia panda, akaondoka kabla sijafika, na mimi nilisubiri apotee ndipo nitoke, kama tunaogopana. Nyani walitambua mapema kwamba watu wamefungiwa. Waliketi kwenye baraza ya ofisi ya chama, wazima na watoto, kama wanaongoja mkutano uanze. Tembo waliingia shamba la ujamaa, tukasikia mabua yakivunjika na hakuna aliyetoka kupiga debe.

Kilichoniokoa ni Maganga. Asubuhi ya kwanza nilimsikia ng'ambo ya minyaa akichimba.

"Unafukia nini?" nikamwita.

"Nachimba bao. Lako la mti liko huko kwako. Mimi nachimba langu chini. Wewe panga kete zako na zangu, mimi nitapanga zangu na zako. Tutacheza kwa mdomo."

Na tulicheza hivyo, Tabitha, kila mtu kwake, bila kuonana, tukitajiana mashimo kwa sauti. Watu wa mstari ule walisikiliza kama redio. Kuna aliyekuwa akishangilia nyumba ya tatu ambaye mpaka leo sijui ni nani.

"Nimekula nyumba yako yote!" Maganga alikuwa akipiga kelele.

"Umekulaje, na mbele yake huna kete?"

"Wewe umefungiwa, huoni. Mimi naona."

"Na wewe si umefungiwa?"

"Mimi nimepumzika!"

Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa akicheka. Nami nikicheka nilisahau kifua. Siku hizo mbaya zilikuwa na saa nzuri.

Asubuhi moja zamu yake ilifika, asiite. Nilimwita mara nyingi. Mwishowe akajibu, na sauti ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyetembea jua kali. "Mwalimu, leo kete nzito. Ila ukiona nimenyamaza, usidhani umeshinda." Mama Kulwa alitoka mbio barabarani kuita watu wa zahanati. Hakuna aliyejua ugonjwa ulipitia wapi. Maji yake alichemsha kama mimi. Walimpa maji ya chumvi na sukari, walimtundikia chupa, lakini jua halijatua wakasema amekwisha.

Sasa ndipo penyewe. Unajua kazi ya mtani msibani. Yeye ndiye huzuia maiti isipite, hushuka kaburini asitoke mpaka apewe faini, humwigiza marehemu alivyotembea na alivyokula, mpaka wafiwa wacheke na machozi yakiwatoka. Maiti ambayo mtani wake hakuitania, watu huuliza walikosana nini. Lakini hao wa kipindupindu hawakuoshwa na ndugu, hawakuwekewa matanga. Watu wa afya walimfunga Maganga katika blanketi lililoloweshwa dawa, wakamweka kwenye machela, mbele akitangulia mtu wa kumwaga chokaa. Njia ya makaburini inapita dirishani kwangu.

Walipofika usawa wa ua wangu walipunguza mwendo. Bwana afya mwenyewe ni mtu wa Tabora, alijua. Alitazama dirisha langu. Mama Kulwa, aliyekuwa akifuata kwa mbali, alisimama, akatazama dirisha langu. Nilikuwa nyuma ya ubao wa dirisha, kitabu cha sala kifuani, nawaona wote kupitia ufa. Nikajiambia, huu ni wakati wa kunyamaza kwa heshima, kama tulivyofundishwa misheni. Nikajiambia, amri ni amri. Nikajiambia, nikifungua dirisha upepo utaingia na dawa yao na ugonjwa wao. Nikajiambia mengi. Wakasimama kidogo. Kisha mchukuzi wa mbele akabadilisha bega, wakaenda.

Amri ilikataza miguu yangu, Tabitha. Haikukataza sauti yangu. Kwa siku zile zote tulicheza bao kwa sauti, na hakuna aliyetukamata. Niliogopa tu. Mimi ambaye moyo wangu ulikuwa umekwisha kuchoka, niliogopa kufa.

Karantini ilipoondolewa, watu walitoka wakashikana mikono, wengine wakalia wakiwa wameshikana. Mimi sikutoka. Niliendelea kuchemsha maji, nikaendelea kusubiri mke wa balozi apotee ndipo nifuate unga. Walidhani ni ugonjwa. Wewe ulidhani ni mgambo. Nilijifungia kwa sababu njia ya kwenda popote inapita mbele ya nyumba ya Maganga.

Mama Kulwa ndiye aliyekuja. Alisimama upande wake wa minyaa, sikumwona ila kitambaa cha kichwa.

"Shemeji, hodi."

"Karibu, shemeji. Pole kwa msiba."

"Nimekuja na swali, nijibu tu nikalale. Marehemu alikukosea nini?"

Nimeulizwa maswali na wakaguzi, na wanafunzi, na maaskofu. Hilo nililikimbia, nikaingia ndani. Alingoja, kisha akaondoka. Kesho yake nilimpelekea bao langu la mti, na kete zote, kama faini. Alilirudisha, akaliweka juu ya jiwe langu la unga. "Sitaki bao," alisema. "Nataka maneno."

Basi Ijumaa nilitoka. Nilishika fimbo, naye akanishika mkono wa pili, tukaenda tukipumzika kila mti. Kaburi lake halina hata msalaba wala jiwe, chokaa tu imegandamana na udongo baada ya mvua. Nilifungua kinywa kumtania Maganga, nikalia. Nililia vibaya, kwa sauti, mtu wa umri wangu. Mama Kulwa alinitazama, halafu, Mungu ambariki, akacheka.

"Mtani mbovu gani wewe! Mtani analia? Angekuwapo angekutoza faini ya machozi."

Ndipo yakatoka, yale ya mwizi wa kete na kiganja. Yalitoka kwa pumzi ndogo, lakini yalitoka. Aliyasikiliza yote. Nilipomaliza akatikisa kichwa. "Mazuri. Lakini umemwambia yeye tu. Waliomwona akipita bila neno ni kijiji kizima. Ndugu zake wanakuja na gari moshi mahindi yakishavunwa, tumwekee tanga alilokosa, kisha tulianue. Siku hiyo uyaseme mbele ya watu."

Nimemwahidi. Kwa hiyo usimtume shemeji. Najua unavyolipokea hili. Umelima mahali pale kwa mkono wako, na mama alikuachia usia kwamba wanawe tulale pamoja. Nisamehe. Nikija huko sasa nitakufa vizuri kwenye kitanda cha nyumbani, na Maganga atabaki mtu ambaye mtani wake alimfungia dirisha. Mahindi bado mabichi, na mimi najitazama miguu, sina hakika ni nani atawahi kukauka. Nikitangulia, nizikwe hapa hapa, jirani naye, bila ua katikati. Pale kando ya mama panda migomba, ardhi ile ina unyevu.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie nauli aliyoitenga anunulie mbegu. Shangazi Eliza, aliyetulea baada ya mama, mwambie zaburi zake nimezisoma mpaka zimeniishia, na kwamba shikamoo yangu ya mwisho naituma kwa goti moja, la pili halikunji. Mchungaji wetu mwambie aniombee, lakini asiombe nipone. Watoto wako wote wape mkono wangu, sasa mkono umeruhusiwa.

Na wewe, Tabitha, nakuomba kitu kimoja. Kama nitakuwa nimekwisha kufa siku watakapoanua tanga, uje wewe. Wewe pia ni mtani wao, na ulimi ulipewa mwingi kuliko mimi. Simama mbele ya watu, useme: huyu ndiye mwizi wa kete, mfunueni kiganja, mtazikuta humo. Usibadilishe hata neno. Kaa juu ya kaburi lake usiinuke mpaka wakupe jogoo, na akiwa mdogo, mkatae.

Kaka yako anayekupenda,
Yona